Kuingia Mjini Bila Kuingizwa Mjini

Hela yangu ilianza kuondoka pale niliposikia "Shikamoo mama."

Ilikuwa Machi 2013, uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou. Nilikuwa na duka la mikoba Kariakoo, mtaa wa Kongo, chumba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Kwa miaka sita nilikuwa nachukua mzigo kwa watu waliokwenda China, na kila nikipanga mikoba ile rafuni najiuliza wao wameinunua kwa ngapi. Mwisho nikaona bora nikaangalie mwenyewe. Zamu yangu ya upatu ikafika, dada yangu akaniongezea kidogo, nikakata tiketi ya kupitia Addis Ababa.

Waliotangulia walinipa wosia mrefu. Beba dawa ya tumbo. Weka begi ndani ya begi, kwa sababu utarudi na mengi. Bei ya kwanza usiikubali, hata ya tatu. Ulizia ushuru kabla hujafunga mzigo. Habari ya kutoka uwanjani mpaka hotelini haikuwamo. Nadhani walishasahau. Ukishaijua njia, huikumbuki tena ile saa uliyokuwa huijui.

Nimesukuma toroli langu, nimepita forodha, milango ikafunguka yenyewe, na mbele yangu watu wamejipanga na vibao vyenye majina. Jina langu halikuwepo, na nilijua halitakuwepo, lakini nililitafuta. Sijalala usiku kucha, miguu imevimba, simu inasema hakuna mtandao. Mkononi nina kikaratasi chenye jina la hoteli na la mtaa wake, Xiaobei, kwa herufi hizi zetu za a-e-i-o-u. Hapo ndipo nikaisikia ile shikamoo. Kijana mtanashati, suruali imepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni. "Pole na safari, mama. Umetoka Dar? Mimi wa Tanga."

Mtu ambaye hajawahi kusalimiwa kwa lugha yake akiwa zaidi ya kilomita 8,000 kutoka nyumbani asinicheke. Nilitaka kulia. Nikamkabidhi begi kabla hajaliomba.

Tulitoka pamoja tukipiga soga. Upande wa kulia niliona watu wamepanga mstari mrefu ndani ya vyuma, teksi zinaingia moja moja, mtu mwenye sare anaelekeza. Nikamuuliza, hapa siyo penyewe? Akasema hizo za Wachina, mama, watakuzungusha mpaka kesho, hawajui Kiingereza wala Kiswahili. Gari lake liko kule chini, maegeshoni. "Themanini tu, mpaka mlangoni." Nikapiga hesabu haraka: yuan 80, na yuan ilikuwa kama shilingi 260 siku zile. Nikaona nimepata ndugu.

Garini alikuwapo dereva Mchina, kimya. Gari la kawaida, halina mita, halina kibandiko chochote. Kijana wangu akakaa mbele. Kutoka Baiyun mpaka katikati ya jiji ni kama kilomita 30, na kwa muda wote huo nilikuwa naangalia maghorofa na kujibu maswali yake: nimekuja kununua nini, nimekuja na nani, nitakaa siku ngapi, hela nimebadilishia Dar au hapa. Nilijibu yote. Nilidhani ni mazungumzo.

Tulipofika Xiaobei, yuan 80 zikageuka dola 80.

"Mama, hapa nje bei zote ni dola," akasema, kwa upole kabisa, kama anamfundisha mtoto. Begi langu lilikuwa bado kwenye buti na buti limefungwa. Barabara nyembamba, magari nyuma yanapiga honi, dereva anapiga usukani kwa kiganja. Kwa kiwango cha siku zile dola 80 zilikuwa karibu yuan 500. Nikatoa noti 5 za 100, zile nyekundu zenye picha ya Mao, nikazipitisha kwa kijana naye akampa dereva.

Sasa nataka nikae hapa kidogo, maana mchezo uliofuata nimekuja kuusikia kwa watu wengi baada yangu, wa Dar, wa Nairobi, wa Lubumbashi, na karibu wote waliusimulia kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama.

Dereva alichukua noti ya kwanza, akaipapasa kwenye kola ya Mao. Wachina wengi hufanya hivyo, kwa sababu noti halali ina mikwaruzo pale na noti ya bandia huwa laini. Akatikisa kichwa, akarudisha. Kijana akatafsiri: "Anasema hii feki, mama. Mpe nyingine." Nikampa. Akapapasa, akarudisha. "Nayo feki." Nikaanza kutoka jasho. Ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Yule wa Tanga akageuka kunitazama kwa huruma: "Ulibadilishia wapi, mama? Yale maduka ya fedha ya Dar, wamekuuza." Nami nikaamini! Nikaanza kumlaani kimoyomoyo yule dada wa dirishani aliyenihesabia hela zangu mara mbili mbele ya macho yangu. Nikatoa nyingine, na nyingine, mpaka wakaridhika. Nikapewa chenji ya yuan 10, buti likafunguliwa, wakaondoka. Na kijana akaniaga vizuri tu.

Kesho yake nilikwenda Sanyuanli, kwenye majengo ya wauza ngozi na mikoba. Mwenye duka akapitisha hela zangu kwenye mashine ya kuhesabia, ikalia mara 4. Zile noti 4 "mbovu" nilizorudishiwa hazikuwa zangu hata kidogo. Zangu zilibaki kwa dereva, zikabadilishwa chini ya usukani kwa mkono mwepesi kuliko jicho langu. Nauli yuan 490, noti za bandia yuan 400: kwenye yuan 900 ilipungua chenji tu. Kwa mikoba ya yuan 20, hiyo ni karibu mikoba 45, na mimi nilikuwa nimekuja kununua 600.

Nilitaka kwenda benki wanibadilishie. Mama mmoja Mkongomani aliyekuwa na duka la kusuka nywele karibu na jengo la Tianxiu akanizuia. Benki ikiona noti ya bandia inaichukua, haikupi kitu. "Mama, ile ni karatasi sasa," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi, "itupe, na usiku ulale."

Kwetu, mtu akitapeliwa tunasema ameingizwa mjini. Siku ile nilielewa neno hilo lilikotoka. Mgeni huingizwa mjini na mtu, na mtu huyo ndiye anayeamua mgeni ataingia na kiasi gani mfukoni.

Nimerudi Guangzhou mara 14 tangu pale, na nimejifunza kwamba wizi wa aina hii unaishi kwenye sehemu ndogo sana: kuanzia ule mlango unaofunguka wenyewe baada ya forodha mpaka ukingo wa barabara. Ni kama mita 100. Ndani ya hizo mita 100 huna mtandao, huna lugha, hujui bei, umechoka, na unaona haya kusimama katikati ya ukumbi kama mtu aliyepotea. Anayekusogelea anakuuzia kuondokana na ile haya. Gari linakuja baadaye. Ukisogea hatua chache tu kutoka pale, unakuta mji wa kawaida wenye mita, risiti na bei zilizoandikwa.

Safari ya pili, Oktoba 2014, nilifika wakati wa maonyesho ya biashara ya Canton, yale yanayofanyika Guangzhou mara mbili kwa mwaka tangu 1957. Wakati huo wapiga debe wa uwanjani wanaongezeka na hoteli zinapanda bei. Safari hii sikusimama. Nilikuwa nimeazimia kwamba kutoka pale mlangoni nitatembea kama mtu aliyezaliwa Guangzhou, macho mbele, na atakayenisalimia kwa lugha yoyote nitamjibu huku natembea. Walinisalimia kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. "Marahaba mwanangu," nikasema, miguu ikiendelea.

Nilikuwa nafuata vibao vya treni ya chini ya ardhi. Njia ile ilifika uwanjani tangu Oktoba 2010, kabla ya michezo ya Asia, maana yake hata siku niliyoibiwa ilikuwapo, na kibao chake nilipita chini yake. Nilidhani treni ni za wenyeji. Kumbe mashine ya tiketi ina kitufe cha Kiingereza, unagusa jina la kituo, inakwambia bei, unatia noti ndogo, inakutemea kidude cha plastiki cha duara, kama kete ya drafti. Unakigusisha unapoingia, unakitumbukiza unapotoka. Njia ya 3 mpaka Jiahewanggang, unashuka, unapanda njia ya 2 mpaka stesheni kuu ya treni ya Guangzhou, kisha njia ya 5, kituo kimoja tu, umefika Xiaobei. Anayefikia Sanyuanli haendi hata huko kote, anashuka kituo kimoja kabla ya stesheni kuu. Nauli haikufika yuan 10. Nilipotoka juu na kuuona ule mtaa, nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza kwa sababu nilikumbuka ile mikoba 45.

Nisiisifie sana treni. Njia ya 3 saa za kutoka kazini ni mwendokasi wa Kimara saa 12 jioni, na ukiwa na mabegi mawili utachukiwa na watu wapole kabisa. Karibu na saa 6 usiku inalala, na ndege nyingi zinazotuleta hazijali saa. Mimi huitumia nikifika mchana, na mara zote nikiwa naenda, kwa sababu tunakwenda na begi jepesi. Kurudi ni habari nyingine.

Nikifika usiku napanga ule mstari wa ndani ya vyuma, ule ule nilioambiwa ni wa "Wachina watakaokuzungusha." Nimepanda teksi zile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na aliyenizungusha ni mmoja. Mwingine alipotea njia, akazima mita mwenyewe, akapapasa mitaa mpaka akaiona hoteli, na alinitoza kilichokuwa kimeandikwa kabla hajapotea. Uwanjani mpaka Xiaobei kwa mita nimezoea kulipa kati ya yuan 120 na 150, ushuru wa barabara ukiwamo. Ile jumla niliyolipa 2013 ingenifikisha mara 6.

Ila dereva huyo lazima ajue unakokwenda. Kile kikaratasi changu cha a-e-i-o-u kilikuwa hakina faida kwa mtu yeyote. Dereva wa miaka 55 wa Guangzhou hasomi "Xiaobei," na wewe ukiitamka anasikia kitu kingine kabisa. Sasa ninabeba jina la hoteli na mtaa kwa maandishi ya Kichina, kwenye simu na kwenye karatasi, pamoja na namba ya mapokezi, kwa sababu mwenye hoteli akiongea na dereva dakika moja mambo yanakwisha. Halafu nina maneno mawili tu ya Kichina ambayo nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Moja ni *da biao*, washa mita. Asiyetaka kuwasha, nashuka kabla gurudumu halijazunguka, na ndiyo sababu begi dogo lenye pasipoti na hela halikai kwenye buti hata siku moja. La pili ni *fapiao*, risiti. Ile risiti inayotoka kwenye mita ina namba ya gari, na mtu aliyekupa namba ya gari lake amekupa heshima yake. Ukisahau mkoba kwenye kiti utampata kwayo. Akikudhulumu, simu ya malalamiko ya serikali ni 12345.

Noti nazo nilizitafutia dawa. Kabla sijampa mtu noti ya 100 nilikuwa nasoma namba zake tatu za mwisho kwa sauti, kwa Kiswahili, taratibu, huku namwangalia usoni. Haelewi neno, lakini anaelewa ninachofanya. Wengine wanapiga picha. Siku hizi sihitaji, kwa sababu noti zenyewe karibu zimepotea mitaani.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika kweli. Tangu 2023 mgeni anaweza kuunganisha kadi yake ya Visa au Mastercard ndani ya Alipay au WeChat, programu za simu ambazo Wachina hulipia, na malipo yasiyozidi yuan 200 hayakatwi ada ya kadi ya kigeni, kwa hiyo nauli ya kutoka uwanjani inapita bila ada hiyo. Ndani ya Alipay hiyo hiyo kuna DiDi, huduma ya kuita gari kwa simu, ambayo inakuonyesha bei kabla hujapanda, inatafsiri ujumbe wa dereva, na inakuandikia namba ya gari. Kazi yako ni kulinganisha namba ya kwenye simu na ya kwenye gari, herufi kwa herufi. Nasema hivyo kwa sababu wapiga debe nao hawakulala. Sasa wanasimama wanasema "DiDi, DiDi." DiDi haikuiti kwa mdomo.

Lakini yote hayo uyafanye ukiwa Dar, kitandani kwako. Nimewaona watu wengi wanasimama Baiyun wanajaribu kufungua programu kwa mara ya kwanza. Wi-Fi inataka kukutumia ujumbe kwenye laini ambayo haina mtandao. Google haifunguki, WhatsApp haifunguki, kwa hiyo ile ramani uliyoitegemea na yule ajenti uliyepanga kumpigia wote wamekwenda. Kuna kitu kimoja kinachowashangaza wengi: laini yako ya nyumbani ikiwa imefunguliwa huduma ya kutumika nje, hiyo WhatsApp inafanya kazi, maana data inazunguka kupitia mtandao wa kwenu. Bando lake ni ghali. Nunua dogo, la siku ya kwanza tu. Nimetupa hela nyingi kwa vitu vya kijinga kuliko hicho.

Na si kila bei kubwa ni wizi. Nikitua saa 8 usiku na wanunuzi wageni watatu nyuma yangu, huwa namlipa dereva wa ajenti yuan 200, na sijawahi kuumia. Najua mita ingesoma ngapi, najua nalipia nini, tumekubaliana siku mbili kabla, kiasi na sarafu vimeandikwa kwenye simu. Lile neno "themanini" lilikuwa nusu tu ya bei, halikutaja sarafu. Siku hizi mtu akinitajia namba bila kutaja pesa, naiandika kwenye karatasi, naongeza alama ya yuan, namwonyesha, nasubiri atikise kichwa.

Najua kuna watakaosoma hii na kusema Wachina wezi. Tusijifanye malaika. Mwaka 2019 mwanamke anayeniuzia mikoba alikuja Dar kuona soko. Nilichelewa kwa foleni ya Barabara ya Nyerere, na nilipofika uwanjani alikuwa ameshaondoka. Nilimkuta hotelini Kariakoo, safari ya kilomita 12 hivi, ametozwa dola 60. Aliyemchukua alimsemesha Kichina. Vizuri sana, akaniambia, kijana mzuri, amesoma Beijing. Tulitazamana, nikamsimulia habari ya yule wa Tanga, tukacheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama tunahitaji kitu.

Yule wa Tanga sijamwona tena. Wa Tanga gani, hata sijui kama Tanga anaifahamu. Kuna wakati nilimchukia kuliko dereva, kwa sababu dereva alichukua noti, lakini yeye alichukua salamu. Siku hizi nahisi alikuwa mtoto aliyeishiwa viza na hela, anayelipwa asilimia kwa kila mama anayemleta maegeshoni. Hilo halinirudishii kitu.

Mwezi wa tatu nilitua tena Baiyun, jengo la pili la abiria, mchana. Mbele yangu pale mlangoni alisimama binti wa miaka kama 25, ushungi, begi jekundu limefungwa kwa kipande cha khanga ili alitambue. Alikuwa anatazama simu, anatazama watu wenye vibao, anarudia simu. Wanaume wawili walikuwa wanamsogelea kutoka pande mbili. Nikaharakisha.

"Mwanangu, umetoka Dar?"

Akanitazama juu mpaka chini. Akavuta begi likamgusa mguu.

"Shikamoo mama," akasema. "Asante, naijua njia."

Hakuijua. Niliona kwenye macho yake. Lakini alinipita, akawapita na wale wawili bila kugeuka, akatembea haraka kuelekea kulia, kwenye mstari wa ndani ya vyuma, na alipofika akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa watu watano nyuma yake. Hata kutoka pale niliweza kuona kwamba imeandikwa kwa Kichina.